Mkwe Hatimuliwi Vumbi

Si kila akufuataye anakufukuza. Asubuhi hii mmemsikia Mama Sango wa mgahawani akimwambia hivyo bintiye, aliyekuwa akinung'unika kwamba mwalimu wa hesabu anamwandama kila kona. Mmecheka, kisha mmekuja kuniuliza maneno hayo yametoka wapi. Mmefanya vizuri, maana siku hizi watu humeza methali bila kutafuna. Basi kaeni niwasimulie. Methali hii haikuzaliwa shambani wala barazani. Ilizaliwa hapa hapa Kwemashua, katikati ya vumbi na moshi wa magari, na aliyeizaa alikuwa mkaidi ajabu.

Enzi zile mkonge ulipokuwa ndio mali ya nchi hii, mwenye shamba mmoja alichonga njia ya mviringo ya kukimbizia farasi wake. Farasi wakaondoka, mwenyewe akaondoka, njia ikabaki. Ukiitazama kutoka kilimani ilikuwa na umbo la yai, na watu wakaiita hivyo, Yai. Madereva wa malori ya mkonge ndio walioanza kushindana humo siku za mapumziko. Mzaha ule ukakua. Baada ya miaka kadhaa Mbio za Yai zilikuwa zikileta watu kutoka Tanga na Moshi, wengine wakilala kwa ndugu wasiowajua vizuri. Kila mwaka, mahindi yakishavunwa, magari yalizunguka Yai mara thelathini, na mshindi aliondoka na ngao ya shaba pamoja na fahali.

Mzee Semboja, fundi wa magari wa hapa mjini, aliwahi kuichukua ngao ile alipokuwa na nguvu zake. Sasa magoti yalikuwa yakilia kila akiinama chini ya gari, na kwa miaka mitatu mfululizo ngao ilikuwa imekwenda Tanga, mikononi mwa kijana mmoja aitwaye Zakaria, ambaye alijiita Radi na kuliandika jina hilo mbavuni mwa gari lake jekundu. Semboja alikuwa ameapa kuirudisha ngao nyumbani mara moja tu, kisha apumzike. Alijua kwamba asipofanya hivyo mwaka ule, hatafanya tena.

Mwaka huohuo ndipo washenga walipobisha hodi. Walitumwa na Mhina, dereva wa gari la maziwa, aliyetaka kumwoa Hidaya, binti pekee wa Semboja. Kijana mwenyewe hakuwa na doa. Alikuwa mtaratibu, mchapakazi, na kila alipokutana na Semboja njiani alivua kofia, akasalimia na kupisha. Tatizo lilikuwa moja tu: Mhina naye alikuwa amejiandikisha katika Mbio za Yai.

"Jibu mtalipata baada ya mbio," Semboja aliwaambia washenga, akawasindikiza hadi mlangoni.

Siku ya pili, wakati wa chakula cha mchana, mkewe alishindwa kuvumilia. "Baba Hidaya, mbio na ndoa vinahusiana nini?"

"Vinahusiana sana," Semboja alisema akimega ugali. "Akinipita, hana adabu. Mkwe hatimuliwi vumbi, hata mtoto mdogo anajua. Na akishindwa kunipita, basi ni goigoi. Binti yangu simpi goigoi."

"Sasa unataka aende wapi, mume wangu? Apae?"

"Hilo ni lake yeye."

Hidaya, aliyekuwa ameleta mchuzi, aliliweka bakuli mezani kwa kishindo kidogo akarudi jikoni. Semboja alikielewa kishindo kile. Tena, ukweli ni kwamba alikuwa akimpenda yule kijana, na hilo ndilo lililomsumbua. Kushindwa na Radi kungemuuma mara moja. Kushindwa na mtu unayempenda, na ambaye kesho atakaa sebuleni kwako akinywa chai, huuma kila siku.

Siku ya mbio Kwemashua yote ilihamia Yai. Wauza mihogo ya kukaanga walishika nafasi zao mapema, na tarumbeta za shule zilipigwa hata pasipo sababu. Mwamuzi alikuwa Mzee Kihiyo, aliyekuwa mkuu wa stesheni ya reli kabla ya kustaafu. Alivaa kofia yake ya kazi, akainua bendera kwa heshima ileile aliyokuwa akiruhusia treni, na alipoishusha magari yakanguruma.

Semboja alichomoka wa kwanza. Gari lake jeupe, aliloliunda kwa mikono yake kutokana na magari mengine kadhaa, liliingia kona ya kwanza likiwa limeinama upande mmoja, likaiacha salama. Moyo wake ukajaa furaha. Kisha akatazama kioo cha nyuma. Ndani ya vumbi ilikuwapo pikapu ya bluu ya Mhina, imemganda.

"Haya, njoo," Semboja alisema peke yake. "Njoo tuone."

Mhina hakuja. Alibaki palepale, mzunguko kwa mzunguko, si karibu mno, si mbali. Lakini kila walipofika upande ulionyooka, Semboja aliiona pikapu ile ikichepuka ghafla kulia kama inayotaka kupita, kisha ikirudi nyuma yake. Safari nyingine ilichepuka kushoto. Kila ilipochepuka, Semboja naye alikanyaga mafuta hadi mwisho. Nyuma ya pikapu hakuona kitu ila vumbi. Alikuwa na adui mmoja tu, na adui huyo alikuwa na macho mawili ya taa yasiyopepesa.

"Kumbe adabu yote ile ya kuvua kofia ilikuwa ya njiani tu!" alinung'unika. Alihisi uchungu, na uchungu ule aliumalizia kwenye injini.

Kila alipopita jukwaani alimwona mkewe amesimama juu ya benchi, akiipunga khanga kwa nguvu kutoka juu kwenda chini. Semboja alifikiri anamhimiza akaze. Akakaza. Mama Hidaya aliishusha khanga mpaka ikagusa magoti ya jirani yake, na mumewe akazidi kukaza. "Ee Mungu," mama yule alisema, "huyu mwanamume ataua gari."

Na kweli, mzunguko wa mwisho harufu ya moto iliingia ndani ya gari jeupe. Mvuke ukaanza kufuka pembeni mwa boneti. Semboja alilibembeleza gari kwa maneno ambayo hajawahi kumwambia hata mkewe, lakini mafuta na maneno havikuwa na kazi tena. Walipotoka kona ya mwisho, mstari wa kumalizia ukiwa mbele ya macho, injini ilikohoa, ikapiga kelele moja ya chuma, ikazima.

Gari likawa linaserereka lenyewe, likipungua mwendo. Semboja alitoa mkono dirishani akaupunga kwa hasira.

"Pita basi!" alipiga kelele. "Si ndicho ulichokuwa ukikitaka? Pita!"

Pikapu ya bluu ilisogea mpaka akausikia mngurumo wake mgongoni. Mhina alitoa kichwa nje, uso mzima umegeuka mwekundu kwa vumbi.

"Toa gia, Baba!"

"Nini?"

"Toa gia! Kaza usukani, nakusukuma!"

Semboja hakuwa na muda wa kufikiri. Alitoa gia. Bampa likagusa bampa, gari lake likashtuka na kuanza kwenda. Papo hapo kitu chekundu kikatokea ubavuni. Ni Radi, anapita upande wa nje, honi wazi, na ndipo Semboja alipomwona kwa mara ya kwanza tangu mbio zianze. Kule nje mchanga ulikuwa umelegea. Magurudumu ya Radi yakazunguka, yakatafuna mchanga, yakashika tena. Magari matatu yakaukimbilia mstari kwa pamoja, jeupe halina injini, la bluu lina kazi ya mawili, jekundu linalia. Watu hata hawakushangilia, walikuwa wameshika vichwa. Kisha bendera ikashuka, na pua ya gari jeupe ilikuwa imetangulia kuvuka, hatua moja tu mbele ya jekundu.

Radi aliruka nje kabla gari lake halijasimama vizuri. "Hii si mbio, hii ni kubeba jeneza!" alifoka. "Gari limekufa! Limesukumwa!"

Mzee Kihiyo alivua kofia, akaipangusa vumbi, akaivaa tena. Alikuwa mtu asiyeharakishwa. "Kanuni inasema gari livuke mstari, dereva wake akiwa ndani. Limevuka, naye yumo. Kuhusu kusukumwa, kanuni haikusema kitu. Mimi nimeruhusu treni maisha yangu yote. Treni ya mizigo ikipanda mlima kwa vichwa viwili, sijapata kuona kichwa cha nyuma kikikatazwa." Watu wakaangua kicheko, na Radi mwenyewe, baada ya kununa kidogo, akacheka nao. Wengine hubishana juu ya hukumu ile mpaka leo. Wabishane.

Semboja alikuwa bado ameketi ndani ya gari lake lililokuwa likifuka. Mhina alimkaribia, akasimama mbali kidogo, kofia mkononi.

"Kwa nini hukunipita?" Semboja aliuliza.

"Ningekutimulia vumbi, Mzee."

"Na kule kuchepukachepuka? Kulia, kushoto, kulia, kushoto! Uliniwinda mizunguko thelathini!"

Mhina aliinamisha kichwa. Aliyejibu ni Mama Hidaya, aliyekuwa amefika akihema, khanga begani. "Alikuwinda nani? Kila Radi alipotaka kukupita kulia, mtoto wa watu alimzibia kulia. Akija kushoto, akamzibia kushoto. Uwanja mzima tumeona, isipokuwa wewe! Nimekupungia khanga nikikwambia punguza, una mlinzi, ukazidi kukimbia mpaka umeua gari!"

Semboja alitazama boneti lake, akamtazama kijana. Mkaidi akielewa jambo huelewa lote kwa mpigo. Hakuna aliyekuwa akimfukuza. Injini ile ilikuwa imeunguzwa na hofu yake mwenyewe. Machozi yalimlenga, na hakujisumbua kuyasingizia vumbi. Akashuka, akapewa ngao, akaigeuzageuza mikononi, kisha akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa wauza mihogo:

"Jamani, nilikuwa nikimkimbia mkwe wangu, naye alikuwa akinilinda mgongo. Msifanye kama mimi. Si kila akufuataye anakufukuza."

Neno "mkwe" lilipomtoka, washenga waliokuwa jukwaani waliruka kwa shangwe. Hidaya alijifunika uso kwa mikono, lakini vidole aliviacha wazi.

Semboja aliiweka ngao kwapani, akakamata kamba ya fahali, akashika njia ya kwenda nyumbani. Baada ya hatua chache akageuka, akamwona Mhina bado amesimama palepale, hajui aende au abaki.

"Mbona umesimama?" alimuuliza. "Nifuate."

Kijana akamfuata. Tangu siku ile, hapa Kwemashua, mtu akianza kutimua mbio kwa sababu amesikia nyayo nyuma yake, huambiwa kwanza ageuke aone ni za nani. Sasa rudini kwa binti wa Mama Sango, mkamwambie atazame yule mwalimu wa hesabu anamzibia upande gani. Si kila akufuataye anakufukuza.