Kwa Nini Kinywaji cha Kipupwe Huwasha Koo

Sogeeni motoni, na mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, maana hadithi hii ina kikohozi chake na haihitaji cha kuazima.

Hapo kale, milima hii ilipokuwa na watu wachache na ukungu mwingi kuliko wa leo, pombe ya miwa ilikuwa tamu tupu. Kipupwe kikiingia, mavuno yakiwa darini na baridi ikianza kuuma vidole, kila nyumba ilikamua miwa yake, ikatia asali, ikatia ndizi mbivu zilizochomwa majivuni, ikauacha mtungi kando ya meko siku tatu. Ilikuwa nzuri, sikatai. Ila ilinywewa kwa pupa. Mwanamume alipewa kibuyu, akakiinua, akakishusha kikiwa kitupu, akanyoosha mkono tena. Wanawake walitwanga miwa kutwa nzima, na wanaume wakaimaliza kabla watwangaji hawajanawa mikono.

Basi mashauri yote makubwa yaliamuliwa kwa pombe hiyo, na ada ilikuwa moja, haina mjadala. Baraza hudumu maadamu kuna pombe mtungini. Ikiisha, mtungi hupinduliwa, na neno la mwisho lililosemwa ndilo linalosimama, liwe jema, liwe baya. Ndiyo maana kwa baraza kubwa ilipikwa mitungi saba, ili watu wafoke mpaka wachoke, na busara ipate nafasi kwenye mtungi wa sita au wa saba.

Mwaka ninaowasimulia, kazi ya kupika pombe ya baraza ilimwangukia Nakiete. Alikuwa mke kijana, ana mtoto wa miezi minne mgongoni, amezaliwa kijiji cha Bonde na kuolewa kijiji cha Juu. Vijiji hivyo viwili vilitumia mfereji mmoja wa maji. Jua lilikuwa kali mwaka ule, mfereji ukawa mwembamba, na siku moja kizuizi chake cha kugawia maji kikakutwa kimebomoka. Watu wa Juu wakasema wamekibomoa watu wa Bonde. Watu wa Bonde wakasema wametukanwa. Likaitwa baraza, na kabla halijakaa, mzee Sekiondo wa Juu, baba mkwe wake Nakiete, alikwisha kutangaza neno lake: maji hayatashuka tena Bonde, na kila mke aliyetoka Bonde atarudi kwao, watoto watabaki kwa baba zao.

Nakiete alilisikia neno hilo akiwa kinuni. Mchi ukamponyoka. Alimgusa mtoto mgongoni, akahisi joto lake na pumzi yake, na hofu aliyoipata sina haja ya kuwaeleza, mama yeyote anaijua. Mumewe alikuwa mtu mwema, lakini mbele ya baba yake hakuwa na mdomo.

Tena miwa ilikuwa imeungua kwa jua. Alikamua shamba zima, akakamua na vikonyo, akapata mtungi mmoja. Mmoja, badala ya saba! Alipiga hesabu ambayo kila mpika pombe huijua kwa macho: wazee ishirini, mtungi mmoja, kwa mwendo wao ule wa kumwaga kooni. Utakwisha kabla maharage hayajachemka. Na katika muda mfupi kama huo, nani atakuwa amesema neno la mwisho? Sekiondo, ambaye sauti yake ilisikika mlima wa pili. Upande wa Bonde, msemaji alikuwa Kangalu, babake Nakiete, mtu mpole mwenye ulimi mzito. Katika mabaraza matatu yaliyopita Kangalu hakuwahi kufika mwisho wa sentensi yake ya kwanza.

Mwingine angelia, au angeongeza maji, na pombe ya maji ni aibu isiyofutika. Nakiete aliketi mbele ya mtungi wake akaufikiria kama fundi anavyoufikiria ubao mfupi. Hawezi kuifanya iwe nyingi. Je, hawezi kuifanya iende polepole?

Hapo ndipo alipokumbuka siku za uzazi wake. Mama mkwe wake, Nasemba, mwanamke mkavu asiyetoa sifa bure, alikuwa akimletea kila asubuhi uji uliotiwa mzizi fulani uliokunjamana, unaoota wenyewe kandokando ya mfereji. Tangawizi, ndiyo. Enzi zile ilikuwa dawa ya wazazi waliojifungua na watoto wenye mafua, haikuvuka mlango wa jikoni, na mwanamume hakuijua hata kwa harufu. Nakiete alikumbuka jinsi ilivyomlazimisha kunywa kwa funda dogo dogo. Alikumbuka pia jinsi joto lake lilivyoshuka taratibu, na mwili ukapoa hasira zake zote.

Alikwenda ukingoni mwa mfereji, akachimba mzigo mzima wa tangawizi, akautwanga, akauchuja, akaumimina mtungini pamoja na ndizi zake za majivuni. Akaonja. Kali. Akaongeza asali kidogo, akatupia majani ya mchaichai yapate kuilainisha harufu. Akaonja tena, akafumba macho. Ilikuja kwanza tamu, ikafuata moto, na moto ulipokwisha utamu ukarudi tena, mkubwa kuliko wa mwanzo. Jamani, mwanamke huyu alikuwa peke yake jikoni, maisha yake yamening'inia, na bado mkono wake haukukosea kipimo! Nikifika hapa huwa namvulia kofia, hata kama sijavaa.

Lakini ada ilitaka mama wa nyumba aonje kabla wazee hawajapewa. Nasemba akaletewa kibuyu. Akanywa funda moja, akalishika mdomoni. Nakiete aliona macho ya mama mkwe yakimgeukia, akaikaza mbeleko ya mtoto, kwa sababu kuwatilia wazee dawa ya mzazi lilikuwa tusi ambalo hata mtoto mgongoni asingeweza kumwokoa nalo.

Nasemba akameza. Akasubiri moto ushuke.

"Imeiva," akasema. "Wapeni."

Sekiondo ndiye aliyepewa kwanza. Alikuwa tayari amesimama, amekwisha kuanza: "Watu wa Bonde ni wezi wa maji, na mimi nasema leo..." Akakiinua kibuyu kama alivyozoea, akamimina kooni, akakishusha kitupu. Kisha akabaki mdomo wazi. Macho yakamtoka. Akakohoa. Akakohoa akainama, akakohoa akakaa chini, akapunga mkono akitaka kusema, na kila alipofungua kinywa kikatoka kikohozi kingine.

Wazee wengine, kwa kuona hayo, wakavishika vibuyu vyao kwa mikono miwili na kunywa kwa ncha ya mdomo. Na baraza likawa kimya. Lilikuwa halijawahi kuwa kimya.

Katika kimya hicho Kangalu akaanza kusema, pole pole, na kwa mara ya kwanza maishani hakukatizwa. "Mkwe wangu, pole. Kizuizi hatukukibomoa sisi. Nyayo za nguruwe pori ziko pale pale kwenye tope, kila mtu akaone. Na maji hatuyataki yote. Katika siku saba, sisi tunaomba tatu."

Sekiondo akafuta machozi. Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba, ya mtu aliyepungukiwa na makelele. "Tatu tu?"

"Tatu tu."

"Mbona hukusema tangu zamani?"

"Nilikuwa nasema," Kangalu akajibu.

Watu wakacheka, na Sekiondo mwenyewe akacheka, akakohoa. Mzee mmoja wa Juu akapaza sauti akilalamika kwamba pombe ya mwaka huu haina adabu, haimezeki, mtu atakunywa saa ngapi amalize? Nasemba akajibu kutoka mlangoni, bila hata kugeuza uso:

"Mwenye haraka anywe maji."

Mzee akakirudisha kibuyu mdomoni. Maji ndiyo yaliyowakutanisha pale, na hakuna aliyekuwa nayo ya kunywa kwa haraka. Wakaendelea kunywa funda kwa funda, wakazungumza zamu kwa zamu. Jua lilipoinamia milima mtungi mmoja ulikuwa bado una sauti ukitikiswa, na shauri lilikuwa limekwisha: siku nne Juu, siku tatu Bonde, kizuizi kijengwe na pande zote mbili, na mke abaki alipo mtoto wake.

Sekiondo alilisema neno hilo la mwisho mwenyewe, kwa sauti yake mpya ya kukwaruza, vibuyu vikamaliza kilichobaki, na mtungi ukapinduliwa.

Nakiete aliusafisha mtungi huku machozi yakimtoka. Nasemba akaja akasimama karibu, akamfungua mtoto mgongoni mwake, akampakata. Akainama akaunusa mtungi.

"Ulitia kiasi gani?"

"Mzigo mmoja, Mama."

"Mwakani tutatia miwili," akasema Nasemba. "Kwa hiyo mvua zikianza, mimi na wewe tutapanda mstari mzima."

Na tangu siku hiyo tangawizi hupandwa kufuata mfereji, kutoka Juu mpaka Bonde, na kipupwe kikiingia hakuna nyumba inayochanganya kinywaji chake bila kuitia, kiwe cha miwa, kiwe cha ndizi, au maji ya matunda ya watoto. Ndiyo maana huwasha koo. Ndiyo maana pia mtu akikohoa barazani wenzake hawamcheki, humpa pole, kisha hugeuka kumsikiliza yule ambaye hajasema. Na kwa mwenye pupa, anayekinyooshea kibuyu mkono kabla ya zamu yake, jibu ni lile lile la Nasemba.