Sange Aliyehesabiwa Mara Arobaini

Hapo zamani za kale, kabla miguu yangu haijaanza kunipoteza katika nchi za watu, Sange aliishi na mama yake katika chaka moja lenye chemchemi. Sange ni kanyama kadogo, pua ndefu, kana kwamba fundi alianza kushona tembo, kitambaa kikamwishia. Walikuwa wawili tu. Nchi nzima hapakuwa na sange mwingine.

Mwaka huo majani yalikuwa haba. Kunguru, mpiga mbiu wa Mfalme Simba, akapita akitangaza kwamba raia wote watahesabiwa, na walio wachache watatengwa. Akaruka zake bila kueleza zaidi.

Mama yake Sange akaanza kulia. Kutengwa alikujua: ndivyo alivyofanyiwa Kicheche kwa ajili ya harufu yake, hata moto wa kuwashia jiko hakuna aliyempa.

"Usilie, mama," Sange akasema. "Kesho tutakuwa wengi."

Kesho yake akaja Mzee Nyati, karani wa hesabu, mwili mkubwa, macho hafifu. Sange akamwambia ndugu zake ni waoga, watapita mmoja mmoja ndani ya gogo lenye tundu. Yeye akae tu mlangoni. Nyati akakaa, puu!

Chwi! Akatoka Sange. Nyati akachora mstari kwenye kipande cha gome la mti alichokishika. Sange akazunguka nyuma, akajipaka matope, chwi! Akasema kwa sauti nzito kuwa yeye ni Mwinyikombo, kaka mtu. Akazunguka tena, akajipaka jivu, akawa shangazi. Akachechemea, akawa babu.

Alipofika wa ishirini, Nyati akainua kichwa. "Mbona mnafanana hivi?"

"Mzee wangu, hata ninyi nyati, tukiwatazama kutoka huku chini, tunaona kwato tu."

Nyati akacheka mpaka gome likamdondoka. Akaliokota, akaendelea kuchora hadi arobaini. Siku hiyo mama na binti walicheka mpaka mbavu zikawauma.

Siku ya tatu Nyati akarudi na kundi la wafyekaji. Sange akauliza kulikoni. Nyati akamweleza taratibu: machaka yanafyekwa yawe malisho, ila ya wale walio wachache mfalme ameyatenga, yasiguswe, ili kizazi chao kisipotee na chemchemi zinazotunywesha sote zisikauke.

"Ninyi mko arobaini, binti. Mtapata pa kuhamia."

"Kutengwa ndiyo huko?"

"Ndiyo huko. Ulidhani nini?"

Sange akamweleza yote. Akapita ndani ya gogo mbele ya macho yake: kwa matope, kwa jivu, kwa kuchechemea. Akatoka anahema, machozi yanachuruzika kwenye pua ile ndefu.

Nyati akamtazama kwa huruma. Kisha akalitoa gome, akaongeza mistari mitatu.

"Arobaini na tatu," akasema. "Kumbe wengine walikuwa wamejificha."

Chaka likafyekwa. Mama yake Sange hakufika walikohamia. Mwaka uliofuata chemchemi ikawa tope, na Mzee Nyati mwenyewe akawa anatembea siku mbili kutafuta maji, gome lake kwapani, hesabu yake haina kosa.

Basi wanangu, mkiulizwa mko wangapi, semeni kweli, hata kama jibu ni kwamba umebaki peke yako.