Udongo Mwekundu Huficha Damu

Udongo mwekundu huficha damu. Maneno haya yana msiba wake, nami ninaukumbuka. Ulianza Jumanne, mvua za vuli zikiwa bado hazijaanza, siku ambayo kigoda cha Nakijwa kilibaki uani bila mtu wa kukikalia. Jirani mmoja aliyekuja kutupa pole alitaka kukikalia, mama yangu akakiondoa taratibu, akakilaza kifudifudi kando ya ukuta.

Nanzia, wewe ndiye uliyeniuliza leo asubuhi. Nilikupa kitambaa cheupe ujifunge kifuani kabla ya kuanza kazi, ukacheka, ukasema, "Bibi, mfinyanzi gani anavaa nyeupe? Jioni nitaonekana kama nimechinja mbuzi." Mama Sefue, jirani yetu, aliyekuwa amekuja kuchukua mtungi wake, akakujibu, "Vaa tu, mwanangu. Udongo mwekundu huficha damu." Ukamtazama mdogo wako Anaeli, naye hakujua. Nyote wawili mlidhani ni maneno ya kale, ya watu ambao majina yao yamesahaulika. Sivyo. Yalisemwa katika ua huu, nami nilikuwapo.

Nakijwa ndiye aliyemzaa mama yenu. Mimi mnayeniita bibi ni shangazi wa mama yenu, na Nakijwa alikuwa wifi yangu. Aliolewa na kaka yangu Eliamini, ambaye alikuwa akifanya kazi kwenye shamba la mkonge huko tambarare, akipanda mlima kuja nyumbani kila mwisho wa mwezi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikisubiri barua ya chuo ambayo haikuja.

Tulikuwa wanawake watatu na kazi moja. Mama alifinyanga, mimi nilisugua vyungu kwa kokoto mpaka vikalainika, na Nakijwa, ambaye kwao hawakuwa wafinyanzi, alipewa kazi ya rangi. Alisaga udongo mwekundu juu ya jiwe, akaukoroga kwa maji katika bakuli kubwa mpaka ukawa mzito kama uji, kisha akaupaka kwa kitambaa kwenye vyungu vilivyokauka, kabla ya kuchomwa. Kazi hiyo haina usafi. Rangi ilituingia kwenye kucha, kwenye nywele, hata kwenye chai. Khanga zetu zote zilikuwa na mabaka, na hakuna aliyeuliza baka limetoka wapi.

Mimba yake ilipofika miezi mitano, Nakijwa akaanza kutokwa na damu puani. Mara ya kwanza alikuwa akipepeta mahindi. Mama alimshika kichwa akakirudisha nyuma, damu ikamwingia kooni, akatapika. Tulimpeleka kliniki sote wawili. Nesi alitabasamu, akasema wajawazito wengi hutokwa na damu puani, kwa kuwa damu mwilini huongezeka na mishipa ya pua ni myembamba.

"Usirudishe kichwa nyuma," alisema. "Kaa, inama mbele, bana hapa kwenye nyama laini, upumue kwa mdomo. Dakika kumi bila kuachia." Akambana pua Nakijwa mbele yetu ili tuone, na Nakijwa alipojaribu kujibu sauti ikatoka kama ya bata, tukacheka sote. Kisha nesi akaacha kucheka. "Lakini ikija mara kwa mara, au ikiwa nyingi, au ukiumwa kichwa, au uso na mikono ikivimba, msikae nyumbani. Njooni siku hiyo hiyo. Mmesikia?"

Tulisikia. Tulikuwa watatu.

Mama alikuwa na mwiko aliorithi kwa mama yake. Siku ya kuchoma, mwanamke anayetokwa na damu, iwe ya namna gani, asikaribie vyungu, maana moto hukasirika na vyungu hupasuka. Mwezi wa sita wa mimba tulichoma vyungu, na zaidi ya nusu vikapasuka. Nilidhani wakati ule, na bado nadhani, kwamba havikuwa vimekauka vizuri, kwa sababu ukungu ulikuwa umetanda mlimani wiki nzima. Lakini mama alisimama juu ya vigae akauliza, "Nani katokwa na damu?"

Nikasema si mimi. Nakijwa akasema, "Ni mimi, mama. Puani. Asubuhi, kidogo tu."

Mama hakumgombeza. Afadhali angemgombeza. Aliokota vigae kimoja kimoja, na kwa siku nyingi baada ya hapo hakumwita "mwanangu" kama alivyozoea. Alimwita "mke wa Eliamini". "Mke wa Eliamini, chakula kiko tayari." "Mke wa Eliamini, sogeza hilo jiwe." Nakijwa aliitika kila mara, "Abee, mama," akiinamisha kichwa.

Tangu hapo pua yake ikapona. Ndivyo tulivyoambiana. Mama alipouliza, alijibu, "Imetulia, mama," na habari ikaishia hapo.

Mimi na yeye tulikuwa na utani wetu wa mawifi. Siku moja nilimwona mdomo wake wa juu una wekundu, nikamwambia, "Wifi, leo umepaka vyungu au vyungu vimekupaka?"

"Kaka yako alioa chungu, hakukuambia?" alijibu, akijipangusa kwa kitambaa cha rangi.

"Chungu chenyewe kina tumbo hilo!"

"Na wewe ni kifuniko kinachozunguka mlima mzima kutafuta chungu. Utaolewa lini?"

Tulicheka mpaka mama akatuambia tupunguze kelele, tunavisumbua vyungu. Nimeyarudia maneno hayo moyoni miaka mingi. Wekundu ule haukuwa rangi.

Kila Ijumaa nilifua vitambaa vya rangi. Ijumaa moja, mimba ikiwa ya miezi minane, niliviloweka ndani ya beseni nikaenda kutafuta kuni. Ninyi mmekulia hapa, mnaujua udongo. Ukiuacha kwenye maji hutuama, na maji ya juu hubaki safi. Niliporudi udongo ulikuwa umetuama chini, lakini maji ya juu yalikuwa bado mekundu. Kwenye ukingo wa beseni nzi walikuwa wamejaa. Udongo hauvuti nzi.

Nilimfuata nyuma ya nyumba. Alikuwa amekaa juu ya gogo, miguu ameitumbukiza ndani ya ndoo ya maji baridi.

"Wifi, unatokwa na damu."

"Nani kakwambia?"

"Beseni."

Alitazama upande alikokuwa mama. "Sema polepole."

"Mara ngapi?"

"Si nyingi. Asubuhi. Pengine na jioni." Akatazama maji ya ndoo. "Jana mara tatu."

"Kichwa je?"

"Kichwa ni jua hili." Aliingiza mikono chini ya khanga, lakini nilikwisha kuiona. Vidole vilikuwa vimevimba na pete ya ndoa haikuwapo. Alisema aliivua kwa sabuni kwa sababu ilimbana.

"Nesi alisema siku hiyo hiyo, wifi. Na tarehe yako ya kliniki imepita."

"Jumatatu tunachoma," alisema. "Vyungu vya harusi ya watu. Vikipasuka tena nitakaaje humu? Wewe ni binti wa nyumba hii, hata ukivunja vyote utabaki kuwa binti wa nyumba hii. Mimi nilikuja." Akanishika mkono. "Acha Jumatatu ipite. Jumanne saa mbili asubuhi tunaondoka mimi na wewe, tunakwenda kliniki. Naapa. Usimwambie mama."

Nilihesabu. Zilikuwa siku nne tu, nikaona si nyingi. Nikarudi kwenye beseni nikayamwaga yale maji.

Jumatatu hapakuwa na upepo na kuni zilikuwa kavu. Mama na mimi tulichoma vyungu huko chini ya ua, Nakijwa akabaki mbali, kwenye kigoda chake, akipaka rangi vyungu vidogo vya zamu nyingine. Ilipofika alasiri mama akapangua majivu kwa fimbo. Chungu cha kwanza kilikuwa kizima. Cha pili kizima. Alikigonga kwa ukucha, kikalia vizuri, na kadiri alivyoendelea ndivyo uso wake ulivyokunjuka. Hata kimoja hakikupasuka. Mama akapiga kigelegele peke yake, kisha akaita kwa sauti kubwa, "Nakijwa! Mwanangu! Njoo uvione!"

Nilifurahi niliposikia amemwita mwanangu. Tulingoja. Akaita mara ya pili.

Tulipopanda uani tulimkuta amelala ubavu karibu na kigoda. Khanga yake ilikuwa nyekundu kuanzia kifuani hadi magotini. Mama alisimama mbele yangu, tabasamu likiwa bado usoni, akasema, "Jamani, ameteleza akamwaga rangi yote. Mwinue mwenzio."

Nilitazama bakuli la rangi. Lilikuwa mahali pake, limejaa mpaka ukingoni.

"Mama," nilisema, "rangi haijamwagika."

Hapo mikono ya Nakijwa ikaanza kutetemeka, kisha mwili mzima.

Wanaume wanne walimbeba kwa machela hadi barabarani, na gari lililokuwa linashusha kabichi likatufikisha hospitali. Daktari alisema ni kifafa cha mimba. Alisema damu ya puani peke yake isingemuua, wanawake wengi huipata na huzaa salama. Lakini presha yake ilikuwa juu sana, na huenda ilikuwa hivyo kwa siku nyingi, na kichwa, mikono na ile pua vilitosha kumleta mapema. Walimpasua wakamtoa mtoto wa kike, mdogo sana, akiwa hai. Ndiye mama yenu. Nakijwa hakuzinduka. Alifariki Jumanne, saa mbili asubuhi.

Kaka yangu alipanda mlima siku hiyo hiyo. Baada ya mazishi alikaa uani, watu wakiwa bado wamejaa. Vile vyungu vilikuwa vimepangwa kando ya ukuta, vyote vizima, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuviondoa. Mama alikuwa amempakata mtoto. Eliamini alivitazama vyungu kwa muda mrefu, kisha akasema bila kuinua sauti, "Mama, mlikuwa naye kila siku. Hamkuiona damu?"

Mama akamfunika mtoto vizuri.

"Udongo mwekundu huficha damu, mwanangu," alisema.

Kaka yangu aliinamisha kichwa, akayakubali. Waliokuwapo waliyasikia, wakaenda nayo. Mwaka uliofuata niliyasikia sokoni kwa mtu nisiyemjua, akimsema jirani aliyezoea kufanya mzaha hata watu wasijue siku aliyokuwa analia kweli. Sasa husemwa hata kwa ukuta wenye nyufa za zamani, ambapo ufa mpya haumshtui mtu. Ni matumizi sahihi. Mliokizoea kitu ndio mnaochelewa kukiona.

Lakini kuna sehemu ambayo hawa wa sokoni hawaijui, na ndiyo maana nimekaa kuiandika baada ya kuwasimulia ninyi. Watu wa msiba walipokwisha kuondoka, nilimweleza mama habari ya beseni, maji mekundu, nzi, na ile ahadi ya Jumanne. Nilitaka anipige. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Yale maji uliyamwaga wapi?" aliuliza.

"Kwenye mgomba, mama."

Akampapasa mtoto mgongoni. "Ijumaa ya kabla yake ulikwenda kanisani kusafisha," alisema. "Nilifua mimi. Nami niliyamwaga hapo hapo."

Hatukuongea tena juu ya jambo hilo mpaka alipokufa. Ila mwezi ule ule alichukua shuka lake jeupe, alilokuwa akijifunika kwenda ibada ya Krismasi, akalichana vipande, akavikunja na kuviweka kwenye sanduku. Akasema kila mjamzito wa nyumba hii atavaa nyeupe akiwa kazini. Na vyungu vilipopasuka tena, kwa maana huwa vinapasuka, hakuuliza nani katokwa na damu. Alikwenda kukagua kuni.

Kwa hiyo, Nanzia, kitambaa nilichokupa ni kipande cha shuka lile. Kilivaliwa na mama yenu alipokuwa na mimba yako, na alipokuwa na mimba ya Anaeli. Wewe sasa una mimba ya miezi minne, na juzi ulitokwa na damu puani ukaniambia mwenyewe; ulifanya vema, nesi naye ameipima presha yako na haina neno. Udongo mwekundu huficha damu. Kila jioni utanipa kitambaa hicho, nitakiloweka ndani ya beseni mbele yako, nasi tutakaa hapo sote wawili mpaka udongo utuame, tuyatazame maji.