Ngoma Iliyomtaja Mrina Asali

Sogeeni, wanangu, ngano imefika mlangoni. Paliondokea ngoma ya uganga iliyotaja wahalifu kabla hawajakosa. Siku moja ikalia: "Shekue atachoma ghala! Shekue! Shekue!"

Shekue, mrina asali, akacheka. "Mimi? Moto wangu ni wa kufukuzia nyuki tu, jamani."

Wanakijiji wakamnyang'anya kienge chake cha makuti makavu. Wakavunja mizinga yake. "Moto wake uishie kwake," wakasema, wakaichoma nyumba yake, mkewe mgonjwa akiwa ndani.

Shekue akaokota kijinga cha moto majivuni, akaenda kusimama mbele ya ghala. Mkono ulikuwa wake, si wa ngoma. Angeweza kukitupa mtoni, na alijua. Akakitupa juu ya paa la makuti la ghala.

"Si ngoma ilisema?" wakapigiana makofi, mahindi ya mwaka mzima yakiteketea mbele yao. Ngano yangu imeishia humo, majivuni.