Mayai Mekundu ya Febronia

Wewe unayetabasamu pembeni, funga mdomo kwanza. Yai jekundu la Pasaka unalimenya kila mwaka bila kuuliza limetoka wapi. Leo ukielezwa ndipo unajifanya hakimu? Sikia, kisha ubishe.

Wamesimulia waja wema waliotutangulia kwamba katika kijiji kimoja cha milimani, zama za mfungo mkali, muumini hakuonja nyama, maziwa wala yai Kwaresima nzima. Lakini kuku hana Kwaresima. Yeye hutaga tu. Basi mjane mmoja mcha Mungu, Febronia, aliyachemsha mayai yake pamoja na maganda ya vitunguu yasiharibike, yakatoka mekundu kama damu ya Mwokozi, akayaweka kikapuni yabarikiwe altareni siku ya Ufufuko. Kikapu chake ndicho kilichotangulia kila mwaka. Alilijua hilo, na ulimi wake ulilijua zaidi.

Mwaka huo, Ijumaa Kuu ilimkuta jirani yake, Tekla, amejifungua. Nyumbani hamkuwa na kitu ila mboga chungu. Maziwa hayakushuka, kichanga kililia mpaka sauti ikakauka. Febronia akaingia na kikapu chake, akatoa yai.

“Kula, mwanangu.”

“Siwezi, mama. Ni mfungo.”

“Mzazi hafungi. Hata padri atakwambia.”

“Wewe ndiye uliyeniambia kisimani, mbele ya wanawake wote, kwamba mwenye kuonja yai Kwaresima anamtemea Bwana mate msalabani. Nilikuwa na mimba, mama. Nilikuwa na njaa.”

Febronia akakishusha kikapu chini. Alikumbuka. Alikumbuka pia jinsi wenzake walivyocheka, na jinsi alivyofurahi. Mfungo wake haukuwahi kuvunjika tangu usichana. Ndio aliotegemea kumpelekea Mola wake. Akamtazama mtoto: midomo inatafuta, haipati.

Akaligonga yai kwenye ukingo wa kitanda. “Hivi ndivyo kaburi lilivyopasuka,” akasema, akalimenya, akalimega, akala yeye kwanza. “Haya. Kama ni dhambi, ya kwangu imetangulia. Nilikukosea, Tekla, unisamehe. Sasa fungua kinywa.”

Tekla akala huku machozi yanamtiririka.

“Usinililie. Yai halijaomba chumvi.”

“Na kikapu chako cha altareni, mama?”

“Nitapeleka maganda. Kaburi lilikutwa tupu, na ndiyo ikawa habari njema.”

Mfungo, enyi waumini, ni mlango wa rehema. Anayesimama hapo kuwazuia wenzake, na yeye bado yuko nje.

Febronia alikaa akimlisha mpaka ziwa likajaa na kichanga kikanyonya, kikanyamaza. Hapo akakusanya maganda kwenye upindo wa nguo yake, akakiacha kikapu kando ya kitanda, akatoka, akaufunga mlango taratibu, upepo usimfikie mtoto.