Uji wa Bibi Kanga na Simu ya Fisi

Hodi, hodi, mlio ndani!

Karibu!

Nimebeba uongo mzito, niutue wapi?

Utue hapa hapa, tuumenye!

Haya. Mmenikaribisha, wala hamjauliza mimi ni nani na nimetoka wapi. Ndivyo mlivyo, nyinyi na mama zenu na nyanya zenu. Kaeni vizuri basi, maana hadithi hii inawahusu.

Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana umeme ulikuwa umeshafika, palikuwa na Bibi Kanga. Bibi Kanga alikuwa na duka la steshenari pale sokoni. Anachapa barua, anatoa fotokopi, anachaji simu za watu. Na zaidi ya yote, anapiga picha na kuzitunza ndani ya kompyuta yake. Mnyama akizaliwa, picha yake imo mle. Mnyama akifa, picha yake imo mle.

Mzee Kobe alikuwa mteja wake wa kila siku. Alikuwa mgane. Alikuwa akija na kukaa barazani, Bibi Kanga anamgeuzia kompyuta dirishani, na Mzee Kobe anamtazama marehemu mkewe. Hataki picha ichapwe aende nayo nyumbani. Anasema nyumbani kwake hakuna mtu wa kumwambia, "Tazama alivyokuwa anacheka." Kwa hiyo anakuja dukani, na Bibi Kanga anatazama pamoja naye.

Duka lile lilikuwa na nondo nene dirishani, lilikuwa na mlango wa chuma, na kufuli kubwa kama kichwa cha mbuzi. Chini ya meza, ndani ya boksi la karatasi, Bibi Kanga alikuwa ameatamia mayai yake. Na kwenye kona alikaa fundi wake wa kompyuta, Sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, ambaye huandika kwa pua: ti-ti-ti-ti.

Kila siku Sange alisema, "Bibi, tuweke nakala ya picha hizi mahali pengine."

Na kila siku Bibi Kanga alijibu, "Kesho, mwanangu."

"Na lile neno lako la siri, Bibi, usimpe mtu."

"Nimpe nani mimi?"

Neno la siri la Bibi Kanga lilikuwa Kidoti. Kidoti alikuwa kifaranga wake wa kwanza, aliyechukuliwa na mwewe. Hakuwahi kulitamka jina hilo mbele ya mtu. Ila kila asubuhi, akifungua kompyuta, aliliandika kwa mdomo wake, ko-ko-ko, taratibu, na hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kumwamkia mwanawe.

Sasa, Fisi alikuwa ameyanusa yale mayai tangu zamani. Alijaribu nondo, nondo zikamkatalia. Alijaribu kufuli, kufuli likamkatalia. Akaenda akakaa chini ya kichaka, akafikiri. Halafu akachukua simu.

Kriii, kriii. Bibi Kanga akapokea. Sange alikuwa ametoka kununua waya.

"Hodi, mama yangu," ilisema sauti, laini kweli.

"Karibu, baba."

"Mimi ni fundi wa kampuni ya mtandao. Kompyuta yako inaumwa, mama. Tunaiona kutoka huku."

"Inaumwa wapi?"

"Tumboni."

"Maskini. Pole yake."

"Nipe neno lako la siri niitibu, kabla hali haijawa mbaya."

Bibi Kanga akakumbuka onyo la Sange. Lakini ukoo wa Kanga ndivyo walivyo: mtu akishapiga hodi, na wewe ukishamwambia karibu, huyo ni mgeni wako. Kumgeukia tena na kumwuliza yeye ni nani hasa ni kumtemea mate kwenye mkeka. Basi akainama kwenye simu, akasema kwa sauti ndogo, "Kidoti."

"Ubarikiwe, mama."

Tuu! Kompyuta ikazima. Ikawaka tena, lakini haikuwa na picha hata moja. Palikuwa na uso wa Fisi, meno nje, na maneno haya: *Picha zote nimezifungia. Ufunguo ninao kwenye simu yangu. Mchana nakuja. Nikute mayai yote kwenye sinia. La sivyo, nafuta kila kitu.*

Sange aliporudi na waya wake alimkuta Bibi Kanga amekaa juu ya mayai, macho hayapepesi.

"Nani alipiga simu, Bibi?"

"Fundi."

"Fundi ni mimi."

"Alisema hodi, Sange. Mtu amesema hodi, ningefanyaje?" Halafu akaanza kulia. "Nimempa jina la mwanangu. Jina sijampa hata shoga yangu, nimempa Fisi."

Sange alikuwa na neno "nilikuambia" limemjaa mdomoni. Akalimeza. Ndiyo maana mimi nampenda Sange, pamoja na ujanja wake wote. Akapanda juu ya boksi, akamfuta Bibi Kanga machozi kwa ile pua yake.

Mara Mzee Kobe huyo, anakuja, kokoto, kokoto, mpaka barazani. "Hamjambo humu. Nigeuzieni, nimwone."

"Leo kompyuta ina hitilafu, mzee wangu," akasema Bibi Kanga.

"Basi nitakaa tu," akasema Mzee Kobe. Akakaa, anatazama mgongo wa kompyuta.

Bibi Kanga hakuweza kuvumilia hilo. Akavuta sinia. "Mayai ni yangu, Sange. Zile picha si zangu. Nimeaminiwa tu." Akachukua yai la kwanza, likiwa na joto bado.

Sange akalishika sinia. "Bibi, rudisha yai. Akija, mkaribishe."

"Nimkaribishe tena?"

"Kama unavyokaribisha watu wote. Usipunguze chochote. Simu yake umpokee umchajie. Halafu muulize kitu gani anakipenda kuliko vyote. Moyo wa Fisi uko tumboni, na neno lake la siri haliwezi kuwa mbali na hapo."

Mchana Fisi akafika, domo linachuruzika. Sange akajibanza chini ya meza.

"Hodi. Mayai."

"Karibu, baba. Karibu kiti. Habari za utokako?"

"Nzuri. Mayai."

"Za nyumbani?"

"Nzuri. Mayai."

"Wazee hawajambo?"

"Hawajambo. Ma..."

"Na mvua, huko kwenu imenyesha?"

"Imenyesha kidogo," akasema Fisi, na akajikuta ameketi. Salamu, ukishaanza kuijibu, huwezi kuikata katikati. Hata Fisi alikuwa na mama aliyemlea.

Bibi Kanga akapitisha bakuli la uji kati ya nondo. Akamtazama Fisi akiushika, akaona mbavu zake zilivyochomoza. Alikuja kuwala wanawe, huyu, lakini mbavu ni mbavu. Akamwongezea sukari.

"Na simu yako, baba, ina chaji?"

Fisi akaitazama. "Inakaribia kuzima."

"Si ndiyo yenye ufunguo wa picha zetu? Ikizima, utafutaje?"

Fisi akaona ni kweli. Simu ikizima hana cha kumtishia mtu. "Lakini ina neno la siri," akaonya. "Mtu akikosea mara tatu inajifunga moja kwa moja, na picha zenu ndiyo kwaheri."

"Vizuri sana. Mtu awe na siri yake." Bibi Kanga akaipokea, akaichomeka, na Sange akaivutia chini ya meza.

"Kunywa, baba, usione haya. Chakula gani unakipenda? Siku nyingine nikuwekee."

"Mfupa," akasema Fisi, uji umejaa mdomoni.

Chini ya meza, pua ikaandika: *mfupa*. Simu ikakataa: tii.

"Nini hicho?" akauliza Fisi.

"Simu inakunywa umeme, baba. Nayo ilikuwa na njaa. Mfupa tu? Mtu mzima kama wewe?"

"Na utumbo," akasema Fisi. "Utumbo nao naupenda."

Pua ikaandika: *utumbo*. Simu ikakataa: tii.

Hapo Sange akaiondoa pua kwenye simu. Limebaki jaribio moja. Akamgusa Bibi Kanga mguuni, na mguu wa Bibi Kanga ulikuwa baridi. Bibi Kanga akasogea karibu na nondo, akasema kwa sauti anayoitumia kwa vifaranga wakati wa kulala:

"Hivyo ni vya kila siku, baba. Mimi nakuuliza kile ambacho ukikiota, hutaki mtu akuamshe."

Fisi akaacha kunywa. Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza jambo kama hilo. Akafumba macho. Akasema polepole, kama anayetaja jina la mchumba, "Nundu."

Pua ikaandika: *nundu*. Tiling!

Ufunguo huo hapo. Sange akaruka kwenye kompyuta, ti-ti-ti-ti, uso wa Fisi ukatoweka, picha zikaanza kurudi. Sange akaigeuza kompyuta dirishani.

Mzee Kobe akanyoosha shingo, akanyoosha, akanyoosha mpaka mwisho. "Umerudi, Mwasiti," akasema. Ni hilo tu alilosema.

Sange akalisikia jina hilo, akarudi chini ya meza, akaandika kidogo kwenye simu ya Fisi. Ti-ti-ti-ti.

Fisi, aliyekuwa amerudisha uso ndani ya bakuli asione lolote, akaliramba, akajipangusa. "Nimeshiba salamu. Sasa sinia."

"Sinia gani, baba?" akauliza Bibi Kanga, naye ameshajikalia juu ya mayai yake.

"Nipe simu yangu nizifute hizo picha!"

Akapewa. Akaandika *nundu*. Tii. Akaandika tena, kwa makini, *nundu*. Tii. Akaishika simu mbali na uso, kama mtu aliyekanwa na ndugu yake.

"Neno nimelibadilisha," akasema Sange, pua imechungulia juu ya meza. "Usihangaike, na zile mara tatu nimezifuta, jaribu upendavyo. Ukifungua tu, ufunguo wako uko palepale. Lakini hilo si jina la chakula. Ni jina la mtu anayependwa."

Fisi akang'ata nondo, kacha, jino likabaki pale. Akaizunguka nyumba, akaukwaruza mlango, na mlango ukamkatalia kama siku zote. Akaenda zake, simu mkononi, anajaribu. *Figo.* Tii. *Ini.* Tii. *Paja.* Tii. Na jina lenyewe lilitajwa mbele yake, kwa sauti, akiwa ameketi pale barazani. Alilisikia kwa masikio yake mwenyewe. Ila halikuwa kitu cha kula, kwa hiyo halikukaa kichwani. Mnaposikia Fisi analia huko porini, si njaa. Ni simu hiyo.

Siku ileile Bibi Kanga hakusema kesho. Sange akaweka nakala ya picha zote kwenye kidude kidogo, wakakifunga chini ya gamba la Mzee Kobe, maana gamba lile halijawahi kuvunjwa na mtu. Mzee Kobe anatembea nacho, na yeye anasema safari zake siku hizi si za upweke.

Kisha Sange akasema, "Bibi, ingiza neno jipya. Usiniambie hata mimi." Akageuza pua ukutani. Bibi Kanga akafikiri sana, halafu akaandika, ko-ko-ko. Ni neno gani? Mnaniuliza mimi? Hamjajifunza kitu.

Lakini Kidoti, jina hilo halikuwa siri tena. Limeshasikika kwa Fisi, basi na wa nyumbani walisikie. Mayai yalipopasuka, kwi, kwi, kwi, Bibi Kanga akawafunika vifaranga kwa mbawa zake, akawaambia kwa sauti ya kusikika barabarani, "Mlikuwa na kaka yenu. Alikuwa anaitwa Kidoti." Na vifaranga wakaliimba jina hilo duka zima, mpaka Bibi Kanga akalia na kucheka kwa pamoja.

Hadithi imefika kwao, na mimi narudi kwangu. Aliyelala aamshwe, aliyeamka akalale.

Funzo lake, wanangu, ni kwamba uji ni kitu cha hatari sana. Fisi alikunywa bakuli moja tu, akapoteza mayai, simu na jino. Kwa hiyo msinywe uji kwenye nyumba za watu. Haya, nendeni mkanawe mikono, wangu umeshaiva, nao nimeutia sukari ya kutosha. Na wewe uliyekaa kule nyuma na simu yako mpya, hebu sogea hapa karibu na bibi. Unapenda chakula gani?