Zimwi Lililopiga Hodi Bustanini

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo sauti ni ya watu walioshiba au ya watu wenye njaa? Nasema, Paukwa!

Pakawa!

Haya, afadhali. Kaeni vizuri, na anayetaka kusinzia akasinzie kwao. Hadithi hii hunikera kila ninapoisimulia, na leo nitawasimulia hivyo hivyo nimekereka.

Palikuwa na kijiji, jina lake Nhungule, katika nchi kavu ambayo mvua huja mara moja kwa mwaka, na ikishaondoka imeondoka. Huko bustani hailimwi kwa kubahatisha. Masika unapanda haraka. Mvua ikikatika unafunika udongo kwa majani makavu, jua lisiunyonye. Kiangazi unakwenda mtoni, na mto wenyewe ni mchanga mtupu, unachimba mpaka unazama mabegani, unasubiri maji yajikusanye, unayachota kwa kata. Ukiyafikisha nyumbani unakunywa, unapikia, unaoshea vyombo, ndipo mboga zinapata zamu yao.

Katika kijiji hicho aliishi mwanamke anayeitwa Sechelela. Mumewe alikuwa amehama na ng'ombe kutafuta malisho. Nyumbani walibaki watatu: Sechelela, binti yake mdogo Nyemo, na mama mkwe wake, Bibi Mbeleje. Nyuma ya nyumba palikuwa na bustani yenye ua wa miiba, na bustani hiyo ndiyo iliyowalisha.

Na palikuwa na zimwi.

Watu wa Nhungule hawakuliita zimwi. Waliliita Mgeni. Ati kwa sababu lina adabu! Lilikuwa refu kupita paa la nyumba, na mdomo wake ungeweza kupitisha ndama bila kugusa meno. Lakini likifika kwenye ua lilisimama nje, likakohoa kidogo, kisha likaimba:

"Hodi, hodi wenyewe!
Nani amelima? Mimi sijalima.
Nani atakula? Mimi nitakula!"

Halafu linasubiri. Na watu wa Nhungule walikuwa kama sisi tu. Hodi ikisikika, mdomo unajibu kabla akili haijaamka. "Karibu!" Basi, zimwi linakaribia.

Siku moja, katikati ya masika, Sechelela alikuwa akipalilia kunde zake. Zilikuwa zimeshika vizuri, majani laini, mapana. Mara akasikia:

"Hodi, hodi wenyewe!
Nani amelima? Mimi sijalima.
Nani atakula? Mimi nitakula!"

Mgongo umeinama, mawazo yapo kwenye magugu, mdomo ukajibu wenyewe: "Karibu!"

Zimwi likaingia. Likala kunde, likala mlenda, likala maboga machanga pamoja na maua yake. Likajifuta mdomo, likasema, "Ahsante, mama. Una mkono mzuri." Likaenda zake.

Sechelela akalitupa jembe chini. Akaenda moja kwa moja kwa Mzee Chibago, mkubwa wa kijiji.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mama Nyemo. Mbona umevimba hivyo?"

"Mzee, lile zimwi limemaliza..."

"Shh! Mgeni."

"Mgeni gani anakula mpaka mizizi?"

"Alipiga hodi?"

"Lilipiga."

"Wewe ukasema nini?"

"Nikasema karibu."

"Sasa unalalamika nini?" akauliza Mzee Chibago, akarudi kwenye ugoro wake.

Mnacheka? Msicheke. Sechelela alirudi nyumbani akilia kwa hasira, na kwa kuwa mvua ilikuwa bado ipo ipo, akapanda upya. Akapanda, akamwaga majivu kufukuza wadudu, akafunika udongo kwa majani makavu. Bustani ikamsikia. Maboga yakawa makubwa, na majani ya kunde akayachuma, akayachemsha, akayaanika juani kwenye jamvi ili yawe mboga ya kiangazi.

Siku moja, wakati wa mavuno, ikaja tena ile sauti:

"Hodi, hodi wenyewe!
Nani amelima? Mimi sijalima.
Nani atakula? Mimi nitakula!"

Safari hii Sechelela alikuwa amejiandaa. Akauma pindo la kanga yake kwa nguvu, hata neno lisipite. Akanyamaza kimya. Zimwi likasubiri. Akanyamaza. Zimwi likasubiri. Mara kutoka upande wa mbele wa nyumba, Bibi Mbeleje, aliyekuwa akipepeta mtama wala hajui kinachoendelea, akapaza sauti:

"Karibu!"

Yakaliwa maboga yote. Ikaliwa mboga ya kwenye jamvi, na jamvi lenyewe likatafunwa upande. Ukaliwa na ule mtama uliokuwa kwenye ungo. "Ahsante, Bibi," likasema zimwi. "Nyumba hii ina ukarimu." Likaenda zake.

"Mama!" Sechelela akapiga kelele. "Mama, kwa nini?"

"Mwanangu, mtu kapiga hodi. Nijibuje?"

"Usijibu!"

"Tangu nizaliwe sijawahi kumnyamazia mtu langoni. Ndivyo nilivyolelewa."

"Na mjukuu wako atakula hivyo ulivyolelewa?"

Bibi Mbeleje akauweka ungo kando. Akaketi chini, akaanza kuokota punje zilizodondoka, moja moja.

Kiangazi kikaingia. Ardhi ikapasuka. Bustani nzima ikabaki na tuta moja tu la kunde, linalomwagiwa maji ya kuoshea vyombo, na hayo maji yenyewe machache maana hapakuwa na chakula cha kuchafua vyombo. Kwenye moshi juu ya meko kilining'inia kibuyu cha mbegu. Hicho hawakukigusa, hata usiku walipolala na njaa, kwa sababu ukila mbegu umekula mwaka ujao. Nyemo alikuwa amekonda, shingo imekuwa nyembamba, hachezi tena. Alikaa kwenye kivuli cha nyumba akitazama lile tuta. Sechelela alijua: tuta likiliwa na zimwi, mtoto hafiki masika.

Siku moja, akitoka mtoni na mtungi kichwani, alipita kwa jirani yake Ndalu. Ndalu alikuwa bubu tangu kuzaliwa, akiishi peke yake. Sechelela akasimama. Ndani ya ua wa Ndalu kulikuwa na bamia, nyanya chungu, na maboga yametambaa mpaka kwenye miiba. Na nje ya ua limesimama zimwi.

Likaimba, likasubiri. Ndalu akaendelea kumwagilia. Likaimba, likasubiri. Ndalu akalitazama, akaendelea kumwagilia. Likaimba mara ya tatu, likasubiri, halafu likageuka likaenda zake, linanung'unika.

Na ule ua, wanangu, hata mbuzi angeuruka.

Siku zote watu wa Nhungule walisema, "Mgeni anamhurumia bubu." Huruma! Zimwi na huruma wapi na wapi! Sechelela alihisi damu inampanda kichwani. Kumbe halina huruma. Haliwezi tu kuingia mpaka mtu wa nyumba hiyo aseme karibu. Miaka yote hiyo walikuwa wanalifungulia wenyewe, kwa midomo yao wenyewe, na njaa ikiingia wanashukuru kwamba mgeni ana adabu!

Akakimbia nyumbani, maji yanamwagika begani.

"Mama, sikiliza. Nyemo, sikiliza. Likija leo hakuna kusema karibu. Likilia, hakuna. Likisifu, hakuna."

"Mwanangu, watu watatusema."

"Waseme, Mama. Watasema mpaka wachoke."

Alasiri likaja. Likakohoa kidogo.

"Hodi, hodi wenyewe!
Nani amelima? Mimi sijalima.
Nani atakula? Mimi nitakula!"

Kimya.

"Wenyewe wapo? Mbona naona moshi?"

Kimya.

"Jamani, hata salamu?"

Majirani wakaanza kutoka majumbani mwao. Ukiacha kwa Ndalu, walikuwa hawajawahi kusikia hodi ikipigwa mara tatu bila jibu. Mzee Chibago akaja na fimbo yake.

"Mama Nyemo! Unakiaibisha kijiji! Mjibu mgeni!"

Sechelela akasimama mbele ya tuta lake, mikono kiunoni.

"Basi nitamjibu mimi," akasema Mzee Chibago. "Karibu, Mgeni! Ingia!"

Zimwi likainua mguu juu ya miiba. Mguu ukabaki hewani, ukakataa kushuka, kwa maana lango halikuwa la Chibago. Watu wote wakauona ule mguu unaning'inia. Zimwi likaurudisha haraka, likatabasamu, likamgeukia Bibi Mbeleje aliyekuwa amekaa mlangoni.

"Bibi," likasema kwa sauti laini, "wewe ni mtu wa zamani. Wewe hukulelewa kama hawa wa siku hizi. Hodi, Bibi yangu."

Midomo ya Bibi Mbeleje ikaanza kutikisika. Sechelela akaiona, akajua kwamba hata akikimbia hatawahi kuiziba. Akamwita tu: "Mama! Mtazame Nyemo."

Bibi akamtazama Nyemo. Halafu akainuka, polepole, ameshika ukuta.

"Umekula kunde zetu," akasema. "Umekula maboga yetu. Umekula mboga tuliyomkaushia mjukuu wangu, na mimi nikakuambia karibu. Toka! Toka langoni kwangu, zimwi we!"

Zimwi! Watu wakashika vichwa. Neno hilo lilikuwa halijatamkwa mbele yake tangu babu za babu zao. Na bibi yule mpole, aliyekuwa akiomba radhi hata kwa kuku, akaokota bonge la udongo akalitupia.

Mzee Chibago akaona haya mpaka akatoka jasho. "Mgeni, usiwasikilize hawa. Twende kwangu. Kwangu karibu!"

Kwake lango lilikuwa lake kweli. Likaingia. Likala bustani, likala ghala, likala mbegu, likala mbuzi na kamba zao. Kisha likamtazama Mzee Chibago kuanzia unyayoni mpaka utosini, likasema, "Ahsante, Mzee. Bado kidogo tu."

Mzee akatupa fimbo, akakimbia. Akafika kwenye ua wa Sechelela, zimwi linamhemea kisogoni.

"Hodi! Mama Nyemo, hodi! Hodi!"

Sechelela alimtazama. Angesema karibu, wangeingia wote wawili. Basi akafumba mdomo, akalikamata shuka la mzee kifuani, akamvuta ndani juu ya miiba kama anavyovutwa mbuzi mkaidi. Miiba ikamchana mapaja. Ikamchana vizuri tu, lakini zimwi likabaki nje.

Kuanzia hapo zimwi likaenda lango kwa lango, likiimba. Nhungule nzima ikanyamaza. Akina mama waliuma kanga, wazee waliuma midomo, watoto waliwekewa vidole midomoni. Zimwi likaimba masikioni mwa watu walionyamaza, juani, siku baada ya siku. Likakonda. Likakauka. Adhuhuri moja likaanguka njiani, likapasuka.

Najua mnachongoja. Katika hadithi nyingine zimwi likipasuka hutoka watu na mbuzi na ng'ombe, wazima, wanacheza. Hapa halikutoka kitu. Vumbi tu. Kilicholiwa kililiwa, na hakuna aliyerudishiwa hata punje.

Nyemo alifika masika kwa lile tuta moja, jani kwa jani. Wingu la kwanza lilipoonekana, watu wa Nhungule wakaja kwa Sechelela na bakuli zao, wameinamisha vichwa, kuomba mbegu. Akakishusha kibuyu. Akawapa, lakini alikuwa bado na hasira, na kila kiganja cha mbegu kilitoka na tusi lake. Mtu akipokea mbegu anapokea na tusi, anasema ahsante, anaondoka.

Wa mwisho alikuwa Mzee Chibago. Sechelela akamjazia bakuli kuliko wote.

"Shika, Mzee," akasema. "Ukapande. Na ukisikia hodi, chungulia kwanza."

Yangu yamekomea hapo, mdomo wangu naufunga. Adabu ni kitu kizuri, nawafundisha kila siku. Lakini asiyelima akija kila msimu kula ulicholima, na mwanao analala njaa, huna wajibu wa kumwambia karibu. Haya, ondokeni mkalale, mmeniudhi vya kutosha.